Wati Zilizopotelea Darini

Jumanne, 4 Machi

Nimegeuza mayai saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai. Upande wa alama ya X juu. Kipimajoto: 37.6. Maji kwenye kisahani yapo. Mume wangu Masanja anasema nimeolewa na sanduku. Sanduku lenyewe la kutotolea kalitengeneza yeye, kwa hiyo anyamaze.

Mayai ishirini na nane. Yote ya Mama, kutoka Bujora. Kideri kimepita kwake mwezi uliopita, kikamaliza kuku wote ndani ya siku tano, hakikubakiza hata tetea mmoja. Hii mbegu alipewa na bibi siku ya kuolewa, na bibi alipewa na mama yake. Kuku warefu, miguu ya njano, wakali kama mimi. Mayai haya yalitagwa kabla ya ugonjwa, yalikuwa kwenye chungu yakisubiri kuuzwa. Hayo tu ndiyo yamebaki duniani. Nimeyaweka Jumamosi jioni. Siku ishirini na moja kutoka hapo ni tarehe 22.

Nikishindwa, mbegu imekwisha. Sitaki kuliandika hilo mara ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna tatizo. Jana jioni kipimajoto 34.8. Leo jioni 34.1. Asubuhi vizuri, mchana vizuri, jioni kinashuka. Balbu zote nne zinawaka, nimezihesabu. Ni zile za zamani zenye uzi ndani, arobaini arobaini. Zinawaka lakini zimekuwa na wekundu, kama macho ya mtu aliyekesha msibani.

Nimefungua mfuniko mara sita kuangalia. Nimejua baadaye kuwa kila nikifungua nayapoza zaidi. Mjinga ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemulika mayai kwa tochi ya simu. Chumba giza, yai kwenye kiganja. Jamani! Ndani kuna buibui mwekundu. Mishipa myembamba, na katikati nukta inayodunda. Nukta inadunda! Nimekaa sakafuni. Miaka ishirini na mbili nafundisha watoto kuandika insha na sijawahi kuona kitu kilichoandikwa vizuri hivyo.

Mayai matano ni matupu. Ishirini na matatu yana uhai.

Jioni 34 tena. Nimeongeza balbu ya tano. Kazi kwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi haikwisha. Nimeamka kipimajoto kinasema 40.3. Balbu tano, umeme umerudi na nguvu zake alfajiri, nusura niyachemshe. Nimechomoa ya tano kwa haraka nikajiunguza kidole. Joto limeshuka baada ya nusu saa. Sijui kama yamekufa. Nimelia jikoni, Masanja akajifanya anatafuta kijiko.

Mama kapiga simu. Kasema mayai yaliyoatamiwa hayaonyeshwi wageni. Nikakumbuka. Jumatano Mama Neema, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, alichungulia mlangoni akasema, "Heee, mwalimu, mayai yote hayo!" Na ni Jumatano hiyohiyo jioni joto lilipoanza kushuka.

Nimeacha kumsalimia. Kanipita kwenye kamba ya nguo akasema habari za saa hizi, mimi nikaangalia ndala zangu. Najua ni utoto. Nimeufanya hivyo hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza madamu Rehema, anayefundisha fizikia shuleni kwetu. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Aliniuliza volti ni ngapi jioni. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili, hesabu tuliachana kidato cha pili kwa talaka tatu. Akasema basi leo ni siku ya kurudiana.

Kaja nyumbani saa tisa na mita ya maabara. Amefunga, midomo imekauka, hata hivyo alichuchumaa mbele ya sanduku kwenye lile jiko letu la zamani la uani kama yuko kwake. Akapima volti kwenye soketi: 228. Akapitisha umeme wa balbu zote nne ndani ya mita: ampea 0.70. Akaniambia nizidishe. Nikazidisha kwenye kitambaa cha maandazi kwa kalamu nyekundu. 159.6.

Kisha akanionyesha maandishi juu ya kioo cha balbu. Arobaini. Mara nne, mia na sitini.

Nilitazama zile namba mbili muda mrefu. Kiwandani huko mbali mtu kaandika mia na sitini. Mimi huku Buswelu, kwenye jiko la uani, hata ningetumia penseli ya macho, ningepata mia na sitini ileile.

Akaendelea. Ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani. Ukinzani! Neno langu hilo, nalifahamu, kumbe na wao wanalo. Balbu moja: 228 gawanya kwa 0.175, omu elfu moja mia tatu na tatu. Nikajisifu. Akachomoa balbu, akaiacha ipoe, akaipima kwa mita moja kwa moja. Omu mia moja na mbili.

Nikasema mita mbovu. Akasema mita nzima. Uzi ukiwa baridi unapitisha kirahisi, ukiwaka unakaza. Kitu kilekile, mara kumi na tatu. Hata chuma kikipata joto kinakuwa kibishi.

Ameniachia mita. Kasema nipime jioni, volti na ampea zote mbili, niache kukisia.

Jumanne, 11 Machi

Saa moja jioni. Volti 191. Ampea 0.62. Nimezidisha mara tatu, mara zote 118 na kidogo.

Mia na sitini toa mia na kumi na nane. Arobaini na mbili. Hiyo ni balbu moja nzima! Zote nne zinawaka mbele ya macho yangu, na bado ni kama kuna mtu kila jioni anakuja kuchomoa moja na kuondoka nayo. Niliogopa kweli, nikaangalia nyuma.

Halafu nikasikia "tss" ya pasi kwenye nguo mbichi.

Mama Neema anapiga pasi nguo za watu, ndiyo kazi yake. Tangu wiki iliyopita kapata nguo nyingi za sikukuu, kamwita mdogo wake, wanatumia pasi mbili, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu. Alianza Jumatano. Jumatano! Nilisimama mlangoni kwake nikamwomba azime moja. Hakuuliza kwa nini, akazima. Nikakimbia kwenye mita: 208. Nikarudi, nikamwomba azime na ya pili. Nikakimbia: 228.

Nilikimbia uani mara nne na kitenge kikinidondoka. Mama Neema kasimama mlangoni na pasi mkononi ananiangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Sijamwomba msamaha bado. Nimeona aibu.

Jumatano, 12 Machi

Kidato cha tatu wanaandika muhtasari. Mimi nyuma ya meza naandika yangu.

Pasi imeandikwa wati 1200 kwa volti 230. 230 mara 230, gawanya kwa 1200: omu 44. Pasi moja ikiwaka nilipata volti 208. Gawanya kwa 44: ampea 4.7. Zimepotea volti 20 njiani. Gawanya kwa 4.7: omu 4.3.

Omu nne na ushee, ndani ya waya unaotoka nyumba kubwa kwenda nyuma, ule unaolisha vyumba vya uani na sanduku langu. Sijaugusa, sijaufungua, upo juu ya dari. Nimeujua kwa penseli nikiwa darasani! Mwanafunzi kaniuliza mbona natabasamu. Nikamwambia aendelee na muhtasari wake.

Nimempelekea Rehema wakati wa mapumziko. Amesoma yote. Halafu kasema waya mwembamba wa urefu ule ni kama omu mbili. Hizo mbili nyingine ziko wapi? Akanifanyisha hesabu ya mwisho. Pasi zote mbili: volti 37 zimepotea, mkondo ampea 8.7. Zidisha.

Mia tatu ishirini na mbili. Wati. Mara mbili ya sanduku langu zima. Joto hilo lote lipo juu ya vichwa vyetu, kila jioni, na hakuna yai linaloliatamia. Furaha ikanitoka yote.

Rehema kaniuliza waya umeungwa wapi na kwa kitu gani. Nikajua papo hapo.

Masanja ni fundi wa mashine za mitumbwi, mwalo wa Igombe, zinakoegeshwa boti za uvuvi. Mtu wa mwaloni anafunga kila kitu kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kasia limepasuka, mpira. Bomba la mafuta linavuja, mpira. Anaukata ukanda mrefu, anauvuta hadi ulie, anazungusha. Miaka sita iliyopita alipeleka umeme uani kwa vipande vitatu vya waya, akasokota ncha kwa vidole, akafunga mpira juu. Alijisifu kwamba hata ziwa lote haliwezi kupenya hapo.

Jioni nilimwambia. Alikasirika. Fundi hafundishwi na mwalimu wa mashairi, ndivyo alivyosema. Nikamwekea karatasi yangu ya hesabu mezani. Sikupiga kelele, jambo ambalo lilimshtua kuliko hesabu. Akazima swichi kubwa, akapanda darini na tochi.

Alikaa juu muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na kitu cheusi kiganjani. Mpira ulikuwa umeyeyuka ukaganda kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Harufu ilijaa sebule. Ubao ulio chini ya kiungo umekuwa mkaa, unaacha alama kidoleni. Na kiungo cha pili hali ileile. Mita haikupanda darini wala mimi sikupanda. Penseli ndiyo ilipanda.

Masanja alikaa kwenye stuli, akaosha mikono, akaiosha tena. Chini ya ubao ule analala Neema, ana miaka minne.

Nilikwenda kwa Mama Neema usiku uleule. Nikamwambia yote, pamoja na ile ya kutomsalimia na sababu yake. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe uliniona mchawi?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Pasi zimesimama siku mbili, Mama Neema anatumia ya mkaa. Balbu zangu peke yake kwenye ule waya, Masanja kasafisha ncha na kuzikaza kwa muda. Kipimajoto 37.5 jioni. Mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Mama kafika kutoka Bujora. Nimepiga magoti, shikamoo, marahaba, hakuuliza hata habari za watoto. Kaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Kachukua yai moja, kaligusisha kwenye kope ya jicho, kafumba. Ndivyo anavyopima. Akasema liko sawa. Nikachungulia kipimajoto: 37.5.

Nimemulika. Manne mengine yamekufa, damu imekuwa pete. Yamebaki kumi na tisa. Mama kayahesabu kwa macho bila kutaja namba.

Waya mpya umenunuliwa, mnene, na viungio vya kukaza kwa skrubu. Tatizo: ili kuuweka lazima umeme wote uzimwe. Masanja anasema saa nne, labda tano. Mvua hizi, uani ni baridi. Sanduku litapoa.

Jumamosi, 15 Machi

Siku hii niiandike yote.

Saa nne asubuhi Masanja alizima swichi kubwa. Mama alikuwa ameshatandika mkeka sebuleni. Hakuomba ushauri wa mtu. Aligawa mayai: matano kwake, matano kwangu, matano kwa Mama Neema, manne kwa Rehema, aliyekuja kusaidia kupima akajikuta anafungwa khanga kifuani. Mayai ndani, ngozini kabisa, khanga mbili juu, tumeegemea ukuta. Amri ya Mama: hakuna kuinuka, hakuna kukohoa, hakuna kucheka.

Wanawake wanne wazima, wawili wana shahada, tumekaa kama kuku. Juu ya vichwa vyetu Masanja anagonga na kuguna. Rehema kafunga, Mama na mimi tuko Kwaresima, hakuna hata wa kutamani chai. Mama Neema peke yake alikuwa na njaa na alitutangazia.

Baada ya saa moja nilimuuliza Rehema kimya kimya, kama balbu moja ni wati arobaini, mtu je? Akasema mtu aliyekaa tu, hafanyi kazi, anatoa kama mia.

Nikamwambia arudie.

Mia moja. Kwa hiyo sisi wanne ni mia nne. Sanduku mara mbili na nusu. Nimekuwa nikitoa joto hili tangu nizaliwe, nikilala, nikisahihisha madaftari, nikigombana, na sikuwahi kujua. Hakuna waya, hakuna soketi. Nilitazama mikono yangu kama ya mtu mgeni. Mungu wangu, kumbe ni hivi!

Mama akauliza kuku je. Rehema akafikiri, akasema labda kumi. Mama akageuza kichwa polepole. "Kumi tu? Na ananitotolea kumi na tano?" Basi. Mama Neema akaanza kutikisika, nami nikafuata, Rehema machozi yanamtoka, kila mmoja kakumbatia kifua chake asivunje, na Mama anatukaripia kwa Kisukuma huku naye mabega yanacheza.

Kisha kicheko kikaisha. Nilidhani yai moja limetikisika chini ya titi la kushoto. Labda ni moyo wangu. Nilimwangalia Mama, alikuwa amefumba macho, na nikaona kwamba anaomba. Mama yangu, ambaye hata mazishi ya baba hakulia mbele za watu. Niliogopa sana pale. Kama haya yakifa, sitamwangalia tena usoni.

Saa nane na robo umeme ukawaka. Tumesubiri sanduku lipate joto, tumeyarudisha moja moja. Hakuna lililovunjika.

Jioni Rehema kanipa mita mimi. Mama Neema kawasha pasi zote mbili. Volti 222. Masanja alisimama nyuma yangu anapumua. Nikafanya hesabu: zimepotea sita tu, mkondo ampea kumi, omu 0.6. Kutoka nne na ushee. Nikamsomea. Kaniomba aione ile karatasi mwenyewe, akaisoma kwa kidole, kisha akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya kumi na nane. Hayageuzwi tena. Nimeongeza maji. Jioni tatu mfululizo 37.5, pasi zikiwaka. Nimemaliza ninachoweza. Sina la kupima tena ila napima.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya ishirini na moja. Kimya.

Asubuhi kimya. Mchana kimya. Masanja anataka tupasue moja tuone. Nimemfokea hadi jirani kazima redio. Mama amekaa kwenye stuli mbele ya sanduku, amekataa chakula. Rehema kasema kwa simu mayai yaliyopata baridi huchelewa. Labda. Labda pia nimeyaua wiki ya kwanza, zile jioni za 34, au ile asubuhi ya 40, kwa ujinga wangu. Hesabu ya waya nimeiweza. Hii siiwezi.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Mungu anisamehe, nilikuwa mbele ya sanduku.

Saa tano kasoro. Sauti. Nilidhani ni balbu. Mama kaninyooshea kidole ninyamaze, nami sikuwa nimesema kitu. Yai la pembeni lina ufa kama nyota. Kutoka ndani mtu anagonga. Anagonga, anapumzika, anagonga.

Masaa sita kumtazama mmoja. Hakuna aliyemsaidia, Mama kakataza. Katoka saa kumi na moja, kalowa, mbaya, amelala kifudifudi kama mlevi. Kisha akainua kichwa akatutazama. Mama akasema kwa Kisukuma, umefika. Ndiyo hivyo tu. Nimelia kwa sauti na sijali nani kasikia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeomba ruhusa shuleni. Kumi na moja wametoka. Mmoja katoka Mama Neema akiwa amesimama hapo, sabuni mikononi, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Nane hayakutoka. Nimeyazika chini ya mpapai. Sikuyapasua.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama karudi Bujora juzi na vifaranga kumi na moja kwenye kikapu. Usiku anawawekea chungu cha mkaa. Nilitaka kumpa balbu mbili, akasema zibaki, taabu ya waya ameiona.

Leo kapiga simu. Wote wazima, wanakula mchwa. Ana swali. Ile hesabu yangu inasemaje, kuna jogoo wangapi? Maana wakiwa matetea watupu tumefanya kazi bure.

Nikamwambia hesabu haijui hilo, Mama.

Nilisikia vifaranga nyuma yake. Akasema basi na mimi ningoje kama wengine, mwezi wa sita atanijulisha.

Nimesafisha sanduku, nimelianika juani. Madaftari ya kidato cha tatu yako mezani, arobaini na saba. Nimeanza.